Kuzuia watumiaji kupanga kazi kwa cron na at: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

cron ni huduma inayoendesha kazi kwa ratiba inayojirudia, na at huendesha kazi mara moja kwa wakati uliotajwa. Ukurasa huu ni wa wasimamizi wa seva zinazotumiwa na watu wengi: maabara za vyuo hapa Nairobi, ofisi za SACCO, kampuni za programu ambazo wahandisi wake wote huingia kwenye mashine moja kwa SSH, njia salama ya kuingia kutoka mbali. Amri nyingi hapa ni za Linux. Mifumo mingine ya ukoo wa Unix ina swali lake mbele.

Mtumiaji akishaingia anaweza kuendesha amri yoyote aliyoruhusiwa. Kumzuia asipange kazi kunasaidia nini?

Kazi iliyopangwa huendelea wakati mwenyewe hayupo. Mstari mmoja wa crontab (faili ya ratiba za cron za mtumiaji) unaweza kunakili orodha ya wanachama na akiba zao kila usiku, miezi kadhaa, bila jina la mtu yeyote kuonekana kwenye `who`, amri inayoorodhesha walioingia. Mtu akivamia akaunti, crontab ni mojawapo ya mahali anapopanda mbegu ya kurudi: programu yake ikifutwa, ratiba inaipakua tena dakika chache baadaye. Wanaochimba sarafu za kidijitali kwenye seva za wengine hutumia sana mbinu hiyo.

Kuna pia mzigo. cron haingojei kazi iliyotangulia imalize. Ukiweka `* * * * *` (yaani kila dakika) kwenye skripti inayochukua dakika tatu, daima utakuwa na nakala tatu zake zinazokimbia pamoja, na seva ikielemewa kila nakala inachelewa zaidi, hivyo zinaongezeka. Darasa zima likifanya hivyo kwenye seva moja ya mazoezi, mashine inakwama kabla ya somo kwisha.

Ni faili gani zinazoamua nani aruhusiwe?

Kwa cron ni `/etc/cron.allow` na `/etc/cron.deny`. Kwa at ni `/etc/at.allow` na `/etc/at.deny`. Kila mstari una jina moja la mtumiaji, bila nafasi kabla wala baada yake.

Utaratibu wa kuzisoma ni huu. `cron.allow` ikiwepo, waliomo tu ndio wanaoruhusiwa, na `cron.deny` haitazamwi kabisa hata kama ipo. `cron.allow` isipokuwepo lakini `cron.deny` ipo, kila mtu anaruhusiwa isipokuwa walioandikwa humo. Kutokana na hilo, `cron.allow` iliyo tupu humfungia kila mtu, na `cron.deny` iliyo tupu humfungulia kila mtu. Wengi hukosea hapo, kwa hiyo soma sentensi hiyo mara mbili.

Kwenye Linux, root (msimamizi mkuu mwenye mamlaka yote) haguswi na faili hizi.

Zisipokuwepo zote mbili?

Inategemea mfumo ulivyojengwa. Debian na Ubuntu huruhusu watu wote kutumia crontab. Red Hat na jamaa zake, yaani Rocky, AlmaLinux na Fedora, wanaotumia cronie (toleo lao la cron), humruhusu root peke yake. Lakini mifumo hiyo huja na `/etc/cron.deny` tupu, kwa hiyo kwa vitendo watu wote wanaruhusiwa tangu siku ya kwanza. Usiifute `cron.deny` hiyo ukidhani unasafisha takataka: ukiifuta bila kuandika `cron.allow`, watumiaji wote wa kawaida wanafungiwa papo hapo.

at ni kali zaidi. Faili zote mbili zikikosekana, root tu ndiye anayeruhusiwa, kwenye Debian na kwenye Red Hat.

Nitumie allow au deny?

Tumia allow. Orodha ya waliokatazwa inakuhitaji ukumbuke kuiongeza kila unapofungua akaunti mpya, na siku utakayosahau hutaona dalili yoyote. Orodha ya walioruhusiwa ikisahaulika, mtu anakuja kulalamika, nawe unarekebisha. deny inafaa pale tu unapotaka kumzuia mtu mmoja haraka wakati unachunguza jambo.

Ukishaweka allow, iondoe deny. Haitumiki tena, lakini msimamizi atakayekufuata ataisoma na kudhani ina nguvu.

Nipeni hatua kamili za Debian na Ubuntu.

Kwanza jua nani anatumia cron sasa, kabla ya kufunga chochote (`sudo` huendesha amri kwa mamlaka ya root):

```
sudo ls -l /var/spool/cron/crontabs
```

Kila faili humo ina jina la mwenyewe. Zipitie moja moja kwa `sudo crontab -u otieno -l`, uulize kila kazi ni ya nani na inahitajika kwa nini. Hatua hii ndiyo inayochukua muda, na ukiiruka utamkatia mtu njia ya kurekebisha bekapu ya hifadhidata au ulinganishaji wa malipo ya M-Pesa bila kujua.

Kisha tengeneza faili ikiwa na ruhusa sahihi tangu mwanzo:

```
sudo install -m 640 -o root -g crontab /dev/null /etc/cron.allow
printf '%s\n' wanjiru otieno | sudo tee /etc/cron.allow
sudo rm -f /etc/cron.deny
```

Kikundi `crontab` kina sababu yake. Kwenye Debian, amri ya crontab haiendeshwi kwa mamlaka ya root, bali hupewa kikundi hicho tu. Ukiweka faili iwe `600 root:root`, kama miongozo mingi ya mtandaoni isemavyo, amri haiwezi kuisoma mtumiaji wa kawaida anapoiendesha, na kizuizi kisichosomeka si kizuizi cha kutegemea.

Kwa at kikundi ni `daemon`:

```
sudo install -m 640 -o root -g daemon /dev/null /etc/at.allow
```

Ukiiacha tupu hivyo, root tu ndiye atakayetumia at. Kwa seva nyingi hilo linatosha.

Huhitaji kuwasha huduma upya. Faili husomwa kila mara mtu anapoita amri.

Kwenye Rocky, AlmaLinux au RHEL kuna tofauti gani?

Ratiba zinakaa `/var/spool/cron`, na za at `/var/spool/at`. Amri za crontab na at huendeshwa kwa mamlaka ya root, kwa hiyo `600 root:root` inafanya kazi vizuri. Jambo la kuangalia ni SELinux, ulinzi wa ziada unaotumia lebo za faili: ukiandika faili nyumbani kwako kisha ukaihamisha kwa `mv`, inabeba lebo ya kule ilikotoka. Irekebishe:

```
sudo restorecon -v /etc/cron.allow /etc/at.allow
```

Nimemwondoa mtu kwenye orodha, na akijaribu crontab anakataliwa. Mbona kazi zake bado zinaendeshwa?

Kwa sababu orodha inasomwa na amri ya `crontab` wakati wa kuandika ratiba. Huduma ya cron inayotekeleza kazi haiisomi. Ni kama askari wa getini anayemkagua anayeingia: aliyekwisha kuingia jana hamfuati ndani. Ratiba iliyokwisha kuandikwa itaendelea kila siku, na mistari ya `@reboot` itaamka kila umeme ukikatika na seva ikiwaka tena. Ubaya wake ni kwamba mwenye ratiba sasa hawezi hata kuifuta mwenyewe, maana amri imemkataa.

Kwa hiyo kumzuia mtu ni kazi ya hatua mbili. Baada ya kurekebisha orodha, hifadhi ratiba yake kisha uifute:

```
sudo crontab -u otieno -l | sudo tee /root/crontab-otieno.txt
sudo crontab -u otieno -r
```

Zingatia kwamba `-r` haiulizi swali lolote, na kwenye kibodi iko jirani na `-e`. Kwenye Debian na cronie unaweza kuongeza `-i` ili ikuulize kwanza.

Kwa at, `sudo atq` inaonyesha kazi zote zinazongoja pamoja na wenyewe, `sudo at -c 14` inaonyesha yaliyomo katika kazi namba 14, na `sudo atrm 14` inaifuta.

Mfanyakazi ameondoka. Tumefunga nenosiri lake kwa `passwd -l`. Inatosha?

Haitoshi. `passwd -l` inafunga nenosiri tu. Ufunguo wake wa SSH kwa kawaida bado unamfungulia, na kazi zake za cron zinaendelea. Kinachozuia vyote viwili ni kuipa akaunti tarehe ya mwisho iliyopita:

```
sudo usermod -L -e 1 otieno
```

Namba 1 maana yake siku moja baada ya tarehe 1 Januari 1970, yaani akaunti imekwisha muda. cron huuliza PAM (mfumo wa Linux wa kuthibitisha watumiaji na akaunti zao) kama akaunti bado ni halali kabla ya kutekeleza kazi, na jibu likiwa hapana kazi haianzi. Kisha futa ratiba yake kama ilivyoelezwa hapo juu, ili siku akaunti ikifufuliwa kwa sababu nyingine kazi za zamani zisifufuke nayo.

Kumpa ganda (shell) la `/usr/sbin/nologin` pia hakuzuii cron. cron hutumia `/bin/sh` isipokuwa crontab yenyewe imesema vingine, na haijali ganda lililoandikwa kwenye `/etc/passwd`.

Ukifuta akaunti moja kwa moja, hakikisha faili ya ratiba nayo imeondoka. Ikibaki, cron itaandika kwenye logi `ORPHAN (no passwd entry)` na kuiacha. Lakini kwa kuwa faili hujulikana kwa jina la mtumiaji, siku utakapoajiri Otieno mwingine na kumpa jina lilelile, anaweza kurithi kazi za mtangulizi wake.

Naweza kuzuia utekelezaji wenyewe, si uandishi tu?

Ndiyo, kwa PAM. Kwenye Red Hat na jamaa zake faili ya `/etc/pam.d/crond` tayari huita `pam_access.so`, kwenye Debian ongeza mstari huu katika `/etc/pam.d/cron`:

```
account required pam_access.so
```

Halafu kwenye `/etc/security/access.conf`:

```
-:otieno:cron crond
```

Andika maneno yote mawili, `cron` na `crond`, kwa sababu jina linalolinganishwa hutofautiana kati ya mifumo. Kuanzia hapo kazi za otieno hazitaanza hata kama ratiba yake ipo, na kwenye mifumo ya cronie utaona `/var/log/cron` ikilalamika `FAILED to authorize user with PAM`.

Uwe mwangalifu na sheria pana. `-:ALL EXCEPT root:cron crond` inaonekana safi, lakini inazima pia kazi za mfumo zinazoendeshwa kwa jina la `www-data`, `postgres` na akaunti nyingine za huduma. Soma safu ya sita ya kila mstari katika `/etc/crontab` na `/etc/cron.d/` kwanza: hapo ndipo jina la mwendeshaji linapoandikwa. Na kumbuka `access.conf` hutumika pia na huduma nyingine zinazoita pam_access, pengine SSH ikiwemo, kwa hiyo acha dirisha moja la root likiwa wazi unapoihariri.

Tuna watumiaji wengi. Naweza kuandika kikundi badala ya majina?

Si ndani ya `cron.allow`. Humo ni majina tu. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuijenga orodha kutoka kwenye kikundi kila kinapobadilika:

```
getent group wapangaji | cut -d: -f4 | tr ',' '\n' | sudo tee /etc/cron.allow
```

Amri hii haiwaoni walio na `wapangaji` kama kikundi chao cha msingi, maana hao hawaandikwi kwenye safu ya nne. Waongeze wenyewe kama kikundi cha ziada. Angalia pia matokeo kabla ya kuondoka: kikundi kikikosekana, unapata faili tupu na watu wote wamefungiwa.

Ya pili ni PAM, ambako kikundi huandikwa ndani ya mabano: `-:ALL EXCEPT root (wapangaji):cron crond`. Onyo la akaunti za huduma linabaki palepale. Tunapendelea njia ya kwanza, ikiendeshwa na Ansible au chombo kingine unachotumia kusambaza mipangilio, kwa sababu matokeo yake ni faili ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua na kuielewa.

Nimeongeza jina kwenye cron.allow lakini mtu bado anaambiwa `You (wanjiru) are not allowed to use this program (crontab)`.

Anza na `cat -A /etc/cron.allow`. Amri hii inaonyesha herufi zisizoonekana. Kila mstari unapaswa kuishia na `$` mara tu baada ya jina. Ukiona `^M$`, faili ilihaririwa kwenye Windows na kila jina limebeba herufi ya ziada. Isafishe kwa `sudo sed -i 's/\r$//' /etc/cron.allow`. Ukiona nafasi kabla ya `$`, iondoe.

Mstari wa mwisho usipokuwa na `$` kabisa, haukufungwa. Msimbo wa asili wa Vixie cron (cron ambayo ile ya Debian na cronie zimetokana nayo) hukata herufi ya mwisho ya kila mstari ukidhani ni alama ya mwisho wa mstari, hivyo `wanjiru` anageuka `wanjir`. Kosa hili huwapata wanaoandika faili kwa `echo -n` au kwa skripti za Python zisizoweka `\n`.

Jina lenyewe likiwa sawa, tazama ruhusa za faili kama ilivyoelezwa kwa Debian, kisha lebo ya SELinux. Kama watumiaji wanatoka Active Directory (AD, mfumo wa Microsoft wa kusimamia akaunti), jina linaloandikwa ni lile linaloonyeshwa na `id`, ambalo huenda likawa `wanjiru@ofisi.local` na si `wanjiru`.

Watumiaji wa Active Directory wanaandika ratiba bila shida lakini kazi haziendeshwi.

Hapo mzuiaji ni SSSD, huduma inayounganisha Linux na akaunti za AD. Inapotekeleza sera za kikundi za AD, huduma ya `crond` huhesabiwa kuwa kazi ya mafungu, na mtumiaji lazima awe na haki ya kuingia kwa njia hiyo kwenye sera ya domeni. Mpatie haki huko, au badilisha `ad_gpo_map_batch` katika `sssd.conf`. Kwenye FreeIPA, mfumo kama AD wa mashine za Linux, jambo linalofanana na hilo hutokea ukiizima sheria ya `allow_all`: lazima uandike sheria ya HBAC (ya nani aruhusiwe kutumia huduma gani) inayoitaja `crond`.

Tumefunga cron na at. Bado kuna njia nyingine?

Ipo, na ndiyo inayosahaulika zaidi siku hizi: taima za mtumiaji za systemd, programu inayosimamia huduma za Linux. Mtu anaweka faili mbili ndani ya `~/.config/systemd/user/`, au anaandika tu

```
systemd-run --user --on-calendar='02:00' /home/otieno/nakili.sh
```

na `cron.allow` haihusiki hata kidogo. Kwa kawaida taima hizi huishi muda ambao mtumiaji ana kipindi kilicho wazi, kisha huzimika akitoka. Kinachozifanya zidumu ni `loginctl enable-linger`. Waliowashiwa utawaona hivi:

```
ls /var/lib/systemd/linger
sudo systemctl --user -M otieno@ list-timers
sudo loginctl disable-linger otieno
```

Ili wasijiwashie tena, andika sheria ya polkit (huduma inayoamua nani aruhusiwe kufanya nini kwenye mfumo) kwenye `/etc/polkit-1/rules.d/10-linger.rules`:

```
polkit.addRule(function(action, subject) {
  if ((action.id == "org.freedesktop.login1.set-self-linger" ||
       action.id == "org.freedesktop.login1.set-user-linger") &&
      !subject.isInGroup("wapangaji")) {
    return polkit.Result.NO;
  }
});
```

Sheria za namna hii hufanya kazi kwenye Debian 12 na familia ya Red Hat. Ubuntu 22.04 ina polkit 0.105, ambayo haizielewi; huko hutumika faili za `.pkla`.

Baki ya njia ni zile za kienyeji: `nohup`, `tmux`, `screen`, au kitanzi cha `while true; do ...; sleep 3600; done`. Hakuna faili ya ruhusa inayozizuia. Unaweza kuweka `KillUserProcesses=yes` kwenye `/etc/systemd/logind.conf`, na michakato ya mtu itauawa akitoka. Fikiri kabla ya kufanya hivyo. Mtafiti anayeendesha hesabu ya saa kumi ndani ya tmux, na ambaye intaneti yake hukatika katika daladala au matatu ya kurudi nyumbani, atapoteza kazi yote. Kwenye seva ya malipo iweke. Kwenye seva ya utafiti tungeiacha na kudhibiti kiasi cha CPU na kumbukumbu badala yake.

Na wenye sudo, au walio kwenye kikundi cha docker (programu ya kuendesha kontena)?

Orodha hizi haziwazuii. Mwenye sudo kamili ataongeza jina lake kwenye `cron.allow` kwa sekunde tano. Aliye kwenye kikundi cha `docker` anaweza kuanzisha kontena lililopachikwa `/etc` ya mashine yako na kuandika humo atakavyo, kwa hiyo mhesabu kama root. Punguza watu wa makundi hayo kwanza, kisha ndipo orodha ya cron iwe na maana.

Vipi akaunti za huduma kama www-data?

Zisiwe kwenye `cron.allow`. Tovuti ikivamiwa kupitia programu ya PHP, mvamizi anakuwa `www-data`, na jambo analojaribu mapema ni `crontab -`. Kama tovuti kweli inahitaji kazi ya kila dakika tano, iandike wewe kama root kwenye `/etc/cron.d/tovuti`:

```
*/5 * * * * www-data /usr/bin/php /var/www/app/kazi.php
```

Kazi inaendeshwa kwa jina la `www-data`, lakini `www-data` mwenyewe hawezi kuibadilisha ratiba. Faili iwe ya root, isiandikike na wengine, na kwenye Debian jina lake lisiwe na nukta: `tovuti.cron` itapuuzwa kimyakimya.

Kuna hatari gani kwenye kazi za root mwenyewe?

Hili huwa kubwa kuliko suala la orodha. Kama root anaendesha kila usiku `/opt/bekapu/anza.sh`, na faili hiyo au saraka yake inaandikika na mtumiaji wa kawaida, mtumiaji huyo ana mamlaka ya root. Anangoja tu usiku ufike. Kagua ratiba zenyewe:

```
sudo find /etc/crontab /etc/cron.* -perm /022 ! -type l
```

Amri hii isionyeshe kitu. Kisha, kwa kila skripti inayotajwa humo, tumia `namei -l /opt/bekapu/anza.sh`, ambayo hukuonyesha mwenye na ruhusa za kila saraka kuanzia `/` hadi faili yenyewe. Saraka moja tu katikati ikiwa wazi, njia nzima iko wazi.

Nitajaribuje kama kizuizi kinafanya kazi?

Usitumie `crontab -u otieno -l` ukiwa root, maana root haguswi na utaona inafaulu daima. Jivike mtumiaji mwenyewe:

```
sudo -u otieno crontab -l
echo true | sudo -u otieno at now + 1 hour
```

Aliyekatazwa atapata ujumbe wa kukataliwa. Kwa at ni `You do not have permission to use at.` Aliyeruhusiwa lakini hana ratiba ataona `no crontab for otieno`, na hilo si kosa. Jaribu pande zote mbili, aliyeruhusiwa na aliyekatazwa. Kazi ya at ikipokelewa wakati wa majaribio, ifute kwa `atrm`.

Mtumiaji analalamika amezuiwa kwa sababu kazi yake ya saa nane usiku haikuendeshwa saa nane.

Tazama `timedatectl` kwanza. Seva nyingi za kukodi huja zikiwa na saa za UTC, na Nairobi iko mbele kwa saa tatu mwaka mzima. Aliyeandika `0 2 * * *` akikusudia saa nane usiku ataona kazi ikianza saa kumi na moja alfajiri. Kwa UTC alipaswa kuandika `0 23 * * *`. cronie inakubali mstari wa `CRON_TZ=Africa/Nairobi` juu ya ratiba, cron ya Debian haikubali. Ukibadilisha saa za mfumo mzima, washa upya huduma ya cron, la sivyo itaendelea na saa za zamani.

Kwenye mifumo isiyo ya Linux faili ziko wapi?

FreeBSD hutumia `/var/cron/allow` na `/var/cron/deny`, na `/var/at/at.allow` kwa at. OpenBSD ni `/var/cron/cron.allow`. AIX ni `/var/adm/cron/cron.allow`. Solaris ni `/etc/cron.d/cron.allow`, na huko faili zikiwepo sheria humgusa root pia, kwa hiyo andika `root` kwenye mstari wa kwanza kabla ya jina lingine lolote.

Nifuatilieje mabadiliko baada ya kufunga?

Weka kanuni hizi za auditd (huduma inayorekodi matukio ya mfumo) kwenye `/etc/audit/rules.d/ratiba.rules`, kisha `sudo augenrules --load`:

```
-w /etc/cron.allow -p wa -k ratiba
-w /etc/at.allow -p wa -k ratiba
-w /etc/cron.d/ -p wa -k ratiba
-w /var/spool/cron/ -p wa -k ratiba
-w /var/lib/systemd/linger/ -p wa -k ratiba
```

`sudo ausearch -k ratiba -i` itakuonyesha nani aligusa nini na lini, kwa jina aliloingia nalo hata kama alitumia sudo baadaye. Kwa seva yenye data ya wateja rekodi hii ina uzito wa kisheria: Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka uvujaji unaoweza kuwadhuru wenye data uripotiwe kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ujulikane. Saa hizo ni chache mno kwa timu inayoanza hapo ndipo kutafuta ratiba ilikuwa ya nani. Peleka logi kwenye mashine nyingine, kwa sababu mvamizi aliyefika root hufuta zilizo karibu naye.